BADO: Shule ya Watu Wazima Iliyoanza na Wasiojua

SEHEMU YA 1: MYAHUDI ANAFUNDISHWAJE UYAHUDI?

Zamu za usiku zimeisha, nina siku mbili za mapumziko, na kama kawaida ya ukurasa huu nawaletea kisa cha historia kwa vipande. Safari hii twende Frankfurt, Ujerumani, miaka 100 na ushee iliyopita. Tunaingia kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima waliotaka kuujua Uyahudi. Na wengi wa wanafunzi hao walikuwa Wayahudi wenyewe.

Najua unachotaka kuuliza. Myahudi anafundishwaje Uyahudi? Si kazaliwa nao? Ndiyo hapo hasa kisa kinapoanzia.

Katika karne ya 19 Wayahudi wa Ujerumani walifunguliwa milango iliyokuwa imefungwa kwa muda mrefu. Kufikia mwaka 1871, Ujerumani ilipoungana kuwa dola moja, walikuwa raia kamili mbele ya sheria. Watoto wao wakaingia shule za serikali, kisha vyuo vikuu. Wakawa madaktari, mawakili, wafanyabiashara na wanasayansi. Nyumbani wakapiga piano na kusoma Goethe. Kiebrania kikabaki kwa babu, halafu babu akafa. Wapo waliokwenda sinagogi mara mbili tatu kwa mwaka, na wapo walioweka hata mti wa Krismasi sebuleni.

Hebu mfikirie kijana aliyezaliwa na kukulia mjini, halafu anapelekwa kijijini kwenye msiba wa bibi yake. Wenzake wanazungumza kilugha. Yeye anacheka wanapocheka na kunyamaza wanaponyamaza. Mzee akimgeukia na kumuuliza jambo, anatazama chini. Si mjinga, huenda ana shahada mbili. Lakini pale, mbele ya watu wake mwenyewe, hana neno.

Hali hiyo ndiyo waliyokuwa nayo Wayahudi wengi wa Ujerumani. Mtu ana miaka 40, ni wakili wa kuheshimika, lakini akifunguliwa kitabu cha sala hajui aanzie ukurasa gani. Atamuuliza nani? Mtoto asiyejua anafundishwa, hakuna anayemshangaa. Mtu mzima asiyejua ana aibu, na mwenye aibu anajifanya anajua.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunalielewa hili. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee walikaa kwenye madawati ya wajukuu wao. Kenya, Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Tulicheka neno "ngumbaru", lakini kukaa pale kulihitaji moyo.

Basi mwaka 1920 mtu mmoja Frankfurt alijenga shule nzima juu ya swali hilo moja: mtu mzima asiyejua kitu alichopaswa kukijua, umpokeeje?

SEHEMU YA 2: KIJANA ALIYETAKA KUONDOKA

Jina lake Franz Rosenzweig. Alizaliwa Kassel tarehe 25 Desemba 1886, mtoto wa pekee katika familia yenye uwezo. Chuo kikuu alianza na udaktari! Alisoma tiba kwa muda, kisha akahamia historia na falsafa, na mwaka 1912 akapata shahada ya uzamivu.

Wakati huo binamu zake kadhaa walikuwa wameshabatizwa. Usiku wa tarehe 7 Julai 1913, mjini Leipzig, alikesha kwenye mazungumzo na rafiki yake Eugen Rosenstock, naye akiwa mtu wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa Mkristo. Rosenstock alikuwa na imani anayoweza kuisimamia. Franz aliona yeye hana cha kusimamia. Akaamua: nitabatizwa.

Ila aliweka sharti moja. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, kwa hiyo naye aingie kama Myahudi, si kama mtu asiye na dini. Na ili aingie kama Myahudi, ilibidi kwanza aujue Uyahudi anaouacha.

Oktoba mwaka huo alikwenda Berlin kwenye ibada ya Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga na kutubu, iliyo kuu kuliko zote kwa Wayahudi. Inasimuliwa kwamba alitoka sinagogi mtu mwingine. Tunalolijua kwa hakika ni kwamba mwisho wa mwezi huo alimwandikia binamu yake Rudolf Ehrenberg kumwambia ameamua kubaki Myahudi.

Niseme jambo hapa, maana ukurasa huu una Waislamu, Wakristo na wasio na dini. Sisimulii haya ili nionyeshe dini gani imeshinda. Rosenstock alibaki Mkristo, na waliendelea kuandikiana barua nzito kwa miaka. Ninachotaka ukione ni hiki: Rosenzweig alikaribia kukiacha kitu ambacho hakuwahi kukijua. Hilo lilimshtua maisha yake yote. Ni wangapi wengine waliokuwa wanaondoka hivyo hivyo, bila hata kujua wanaacha nini?

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, alijitolea kwenye Msalaba Mwekundu na akahudumia wagonjwa Ubelgiji. Kwa hiyo wauguzi wenzangu, huyu kidogo ni wa kwetu. Baadaye alipelekwa jeshini kwenye kikosi cha kutungua ndege, upande wa Balkani. Huko, kuanzia Agosti 1918, alianza kuandika kitabu kikubwa cha falsafa kwenye kadi za posta za jeshi na kuzituma nyumbani kwa mama yake. Kitabu kilitoka mwaka 1921, kikiitwa Nyota ya Ukombozi kwa Kiswahili chetu, na hadi leo vyuo vikuu vinakisoma.

Mwalimu wake wa zamani, Friedrich Meinecke, alimfungulia njia ya kuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Unajua Ujerumani ya wakati ule uprofesa ulikuwa heshima gani. Akakataa. Agosti 1920 alimwandikia barua kumweleza sababu. Kwa ufupi, hakutaka tena kuuliza maswali kwa ajili ya wasomi. Alitaka kuulizwa na watu.

Na watu walikuwa wanamsubiri Frankfurt.

SEHEMU YA 3: MLANGO WAZI

Frankfurt ilikuwa na Wayahudi wasiopungua 25,000, moja ya jumuiya kubwa Ujerumani. Kulikuwa na rabi mmoja mkubwa, Nehemiah Nobel, ambaye mahubiri yake yaliwavuta vijana wasomi. Rosenzweig alikabidhiwa madarasa ya watu wazima ya mjini, na jambo la kwanza alibadilisha jina. Akayaita Nyumba Huru ya Kiyahudi ya Mafunzo. Wenyeji walisema tu Lehrhaus, yaani nyumba ya mafunzo, jina lililotafsiriwa kutoka kwenye Kiebrania cha kale, mahali ambapo Wayahudi kwa karne nyingi walikaa kusoma Torati na Talmudi.

"Huru" hapo maana yake mlango uko wazi. Hakuna mtihani wa kuingia. Hakuna anayekupima wewe ni Myahudi wa namna gani, unakula nini, unasali mara ngapi.

Kwenye hotuba ya ufunguzi, Oktoba 1920, alieleza wazo lake. Nalifupisha kwa maneno yangu. Zamani, alisema, kusoma kulianzia kwenye Torati na kuelekea kwenye maisha. Mtu alikulia ndani, akijifunza namna ya kutoka na kuishi. Sasa mambo yamegeuka. Watu wetu wako nje. Basi tuanzie huko huko nje waliko, kwenye kazi zao na maswali yao, turudi ndani pamoja. Wakili asiuache uwakili wake mlangoni, wala daktari udaktari wake. Aje nao.

Na hapa kuna jambo lililowashangaza wengi: hata walimu wengi walikuwa watu waliokuwa bado wanajifunza. Hakutaka wataalamu peke yao. Darasa la Biblia lililopendwa sana liliongozwa na Eduard Strauss, mkemia. Yaani mtu wa maabara. Richard Koch, daktari na mwanahistoria wa tiba, naye alifundisha. Alikuwepo Bertha Pappenheim, mama wa shoka aliyeanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani mwaka 1904 na nyumba ya kuwahifadhi mabinti na mama wasioolewa mwaka 1907. Wauguzi wa afya ya akili huenda mnamjua kwa jina jingine: yeye ndiye "Anna O." wa vitabu vya mwanzo vya tiba ya mazungumzo.

Wakubwa nao walikuja. Martin Buber alitoa mihadhara mwanzoni mwa 1922, na kutokana nayo kikazaliwa kitabu chake maarufu cha Mimi na Wewe, kilichotoka 1923. Gershom Scholem alifundisha kwa miezi michache mwaka 1923 kabla ya kuhamia Jerusalem. Erich Fromm, kijana wa Frankfurt aliyekuja kuwa mwanasaikolojia wa kimataifa, alikuwemo pia.

Madarasa yalikuwa ya aina mbili. Kuna mihadhara, ambapo ukumbi unajaa na unasikiliza. Na kuna vikundi vidogo, watu wachache na kitabu kimoja, mnasoma mstari kwa mstari na kila mtu anauliza. Kati ya 1920 na 1926 ilifanyika mihadhara ya mfululizo ipatayo 90 na vikundi vipatavyo 180. Katika msimu wenye watu wengi waliojiandikisha walizidi elfu moja.

Usidhani kila kitu kilikwenda vizuri. Rosenzweig mwenyewe alikuwa mgumu kueleweka jukwaani. Watu walikuja kumsikia mwanafalsafa, wakatoka wanakuna vichwa. Tena wengi walipenda zaidi kwenda kumsikiliza msemaji maarufu kuliko kukaa kwenye kikundi na kuhangaika na herufi za Kiebrania. Lilimuumiza, maana kwake kikundi kidogo ndicho kilichokuwa shule yenyewe.

Sasa tufike kwenye neno lililonifanya niandike mfululizo huu.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimuuliza Rosenzweig kama huwa anavaa tefilini. Hivi ni visanduku vidogo vya ngozi vyenye maandiko ndani, ambavyo wanaume wa Kiyahudi hujifunga mkononi na kwenye paji la uso wakati wa sala ya asubuhi. Kwa Myahudi anayeshika sheria, swali hilo jibu lake ni ndiyo au hapana. Rosenzweig akajibu: bado.

Wajerumani wanalazimika kutumia maneno mawili kusema hivyo. Sisi Waswahili tumejaliwa neno moja, na tunalitumia kutwa nzima bila kulifikiria. Umeoa? Bado. Umekula? Bado. Umepata kazi? Bado. Mswahili mstaarabu akiulizwa kuhusu jambo jema ambalo hajalipata, hasemi "hapana". Hapana inafunga mlango. Bado inauacha umeegeshwa.

Naliona hili kila siku kazini. Mama wa miaka 55 kaambiwa leo ana kisukari. Ukimuuliza, "Mama, umeelewa namna ya kujipima?" anaitikia, "Ndiyo, mwanangu." Hajaelewa. Anaona aibu mbele ya nesi anayelingana na binti yake. Atakwenda nyumbani na ile mashine ataiweka kabatini. Lakini ukimzoesha kwamba hapa "bado" ni jibu halali, kwamba hatagombezwa wala kuchekwa, atakwambia, "Bado, nionyeshe tena." Kuanzia hapo ndipo unamfundisha. Kabla ya hapo ulikuwa unasema peke yako.

Lehrhaus ilikuwa mahali ambapo mtu mzima angeweza kusema "bado" bila kuinamisha kichwa.

SEHEMU YA 4: MWILI UNAPOKATAA

Wauguzi wenzangu, sehemu hii ni yetu.

Mwanzoni mwa 1922, akiwa na miaka 35, mwili wa Rosenzweig ulianza kumgomea. Rafiki yake yule yule Dkt. Koch alikuwa mmoja wa waliomtibu. Ulikuwa ugonjwa ambao leo wodini tunauita ALS. Neva zinazoiamuru misuli zinakufa moja baada ya nyingine. Mkono unalegea, mguu unalegea, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunakuwa shida, mwisho hata misuli ya kupumua inachoka. Akili kwa wagonjwa wengi inabaki nzima, na huo ndio ukatili wake. Mgonjwa anauona mwili wake ukifungwa mlango kwa mlango, naye yumo ndani.

Madaktari walitegemea mwisho uko karibu. Mwanawe Rafael alizaliwa Septemba 1922. Mwisho wa mwaka huo baba alikuwa hawezi tena kuandika. Mwaka 1923 sauti ikapotea.

Leo kuna kompyuta zinazofuata macho ya mgonjwa. Wakati ule hapakuwa na kitu. Alipatiwa taipureta ya namna ya pekee ambayo mtu anaonyesha herufi moja moja. Ilipofika wakati hata hilo hawezi peke yake, mkono ukaegemezwa, yeye akielekeza kwenye herufi, na mke wake Edith akisoma, akikisia neno na kulithibitisha naye kabla ya kwenda kwenye neno linalofuata.

Herufi moja. Herufi nyingine. Neno. Ukishawahi kumhudumia mgonjwa asiyeweza kusema, unajua uchovu wa kukisia, na unajua macho yake yanavyosema "siyo hilo".

Kwa njia hiyo, ndugu msomaji, mtu huyu alitafsiri mashairi ya Yehuda Halevi, mshairi wa Kiyahudi wa Hispania ya karne ya 12, na kuyaandikia maelezo. Kwa njia hiyo alijibu barua za wanafunzi wake. Na kuanzia 1925 yeye na Buber walianza kuitafsiri upya Biblia ya Kiebrania kwa Kijerumani. Buber anaandaa rasimu, Rosenzweig anaipitia na kubishana naye neno kwa neno, na kila ubishi unapita kwenye vidole vya Edith.

Vitabu vya historia vinamsifu Rosenzweig, na anastahili. Mimi namtazama Edith. Walioana 1920. Miaka miwili ya ndoa, kisha miaka minane ya kuuguza, na mtoto mchanga juu yake. Kumgeuza, kumlisha bila kumpalia, kumsafisha, halafu kukaa kwenye kiti na kusoma herufi za falsafa. Wewe unayemuuguza mzazi au mwenza nyumbani, bila mshahara wala zamu ya kupokewa, mjue huyu mama. Bila yeye tungekuwa na maandishi ya miaka michache tu ya afya.

Rosenzweig hakuweza tena kwenda shuleni, basi shule na sala vikamfuata. Marafiki walikusanyika kusali nyumbani kwake. Alifariki tarehe 10 Desemba 1929, siku 15 kabla ya kutimiza miaka 43. Tafsiri ilikuwa imefika kitabu cha Isaya. Buber aliimaliza peke yake mwaka 1961.

Na Lehrhaus? Niseme ukweli. Uongozi ulipita kwa wengine, hamasa ikashuka, na baada ya 1926 ratiba ya kawaida ikasimama. Ungesema kisa kimeishia hapo. Bado.

SEHEMU YA 5: SHERIA INAPOKUAMBIA WEWE NI NANI

Januari 1933 Hitler alipewa serikali. Tarehe 7 Aprili ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi kwenye utumishi wa umma. Walimu, mahakimu, maprofesa na madaktari wa hospitali za umma, nje.

Mfikirie sasa yule wakili wetu wa Sehemu ya 1. Maisha yake yote alijiona Mjerumani. Alipigana vita ya 1914, ana nishani kabatini. Leo serikali inamwambia: wewe ni Myahudi, ondoka. Majirani wanamwambia: wewe ni Myahudi. Anakwenda kwenye kioo na kujiuliza: Myahudi ni nini? Hajui. Anaadhibiwa kwa jina ambalo hajui hata maana yake.

Huyo sasa alikuwa anahitaji darasa, na hakuhitaji kwa kupitisha jioni.

Novemba 1933 Buber aliifungua upya Lehrhaus ya Frankfurt. Mwaka 1934 ikaanzishwa ofisi maalumu ya elimu ya Wayahudi watu wazima kwa Ujerumani nzima, Buber akiiongoza. Ernst Simon, mwalimu wa zamani wa Lehrhaus aliyekuwa ameshahamia Palestina, alirudi kusaidia. Ndiyo, alirudi ndani ya Ujerumani ya Hitler kufundisha, wakati wengine wanatafuta njia ya kutoka. Walifundisha walimu, vijana, kina mama. Walisoma Biblia pamoja kama watu wanaotafuta kitu cha kushikilia.

Faida yake ilikuwa nini? Adui anapokutukana kwa jina lako, kama jina lenyewe hulijui, tusi lake ndilo linakuwa maana yake. Unaanza kujiona kama anavyokuona. Lakini kama umelisoma jina hilo, umejua limebeba sheria gani, mashairi gani, mabishano gani ya miaka elfu tatu, tusi linabaki tusi. Linauma, ila halikuelezi wewe ni nani.

Mwaka 1935 polisi wa siri walimpiga Buber marufuku ya kuzungumza hadharani. Machi 1938 alihamia Jerusalem. Novemba mwaka huo masinagogi yalichomwa nchi nzima, wanaume maelfu wakapelekwa kambini, na milango ya Lehrhaus ikafungwa. Dkt. Koch alikuwa ameshakimbilia Urusi ya Kisovieti, alikofia mwaka 1949. Strauss alikimbilia Marekani. Tarehe 19 Oktoba 1941 treni la kwanza la kuwahamisha Wayahudi wa Frankfurt kwa nguvu liliondoka kuelekea Łódź, Poland. Kwa jumla karibu watu 10,000 walichukuliwa kutoka mji huo. Waliorudi ni wachache mno.

Kwa hiyo tusidanganyane. Darasa halisimamishi treni. Wako waliosoma vizuri sana na wakauawa. Sisi wa hospitali tunajua kuna mambo tunayoyafanya ambayo hayaponyi. Tunamwosha mgonjwa anayekufa, tunamwita kwa jina lake, tunamfunika vizuri. Mtu wa nje anaweza kuuliza ina maana gani, si anakufa? Ina maana kwamba anakufa akiwa mtu. Simon baadaye, mwaka 1959, aliandika kitabu kuhusu elimu ile ya miaka ya Hitler, na jina lake kwa Kiswahili ni kama Kujenga Ndani ya Kuporomoka. Sina jina zuri kuliko hilo.

SEHEMU YA 6: MBEGU ZILIANGUKIA WAPI

Nahum Glatzer, aliyefundisha Lehrhaus akiwa kijana, alifika Marekani na kuwa profesa Chuo Kikuu cha Brandeis. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kilichomfanya Rosenzweig ajulikane kwa wasomaji wa Kiingereza. Mwaka 1974 huko Berkeley, California, likaanzishwa darasa la watu wazima lililochukua jina la Lehrhaus kabisa, likipokea Wayahudi na wasio Wayahudi.

Mwaka 1986 Florence Melton, mfanyabiashara wa Ohio, akishirikiana na Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, alianzisha shule ya watu wazima ya miaka miwili, jioni moja kwa wiki, ambayo imeenea miji mingi duniani. Huyo mama utajiri wake ulitokana na ndara laini za sponji za kuvaa ndani. Sisi tunaosimama saa 12 wodini tuna sababu mbili za kumshukuru.

Kabla sijafunga, tuje karibu na nyumbani. Miaka ile ile Rosenzweig anafungua Lehrhaus, na bila uhusiano wowote na Frankfurt, watu wazima walikuwa wanajifunza Uyahudi mashariki mwa Uganda, karibu na Mbale. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza na kukosana nao, aliisoma Biblia mwenyewe, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Baadaye kidogo alikuja Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akakaa nao kwa miezi akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alitunga kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda.

Alifariki 1928. Idi Amin alipoingia 1971 alipiga marufuku dini yao. Wengi waliondoka. Waliobaki walisali kwa siri. Mwaka 2002 mamia yao walipitishwa rasmi na jopo la marabi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa wazee wa jumuiya hiyo, alifuzu urabi Los Angeles na kurudi nyumbani kufungua darasa.

Ukiitazama Frankfurt na Mbale unaona safari mbili zinazopishana njiani. Kule watu walizaliwa ndani wakajikuta nje. Huku watu walizaliwa nje wakatembea kuelekea ndani. Wote walikutana kwenye kitu kimoja: kitabu kimefunguliwa, watu wazima wamekizunguka, na hakuna anayeona aibu kuuliza hili neno maana yake nini.

Na mimi nafikiri kila jumuiya inahitaji chumba cha namna hiyo. Wewe una miaka 38, hujui kilugha cha mama yako. Una miaka 45, umesali tangu utotoni na hujawahi kuelewa unachokisoma. Una miaka 60, hujui kutuma ujumbe kwa simu uliyonunuliwa na mwanao. Una miaka 50, unameza dawa za presha na hujui zinafanya nini mwilini. Ukijifanya unajua, utabaki hapo hapo. Ukisema "sijui" na kuondoka, utabaki hapo hapo pia. Kuna neno la tatu, na lugha yetu imekupa bure.

Kwa hiyo nawaachia hapo. Andika hapo chini "bado" yako ni ipi, na kama kuna mtu humu anayeweza kukufundisha, ajitokeze. Hapa hachekwi mtu.

Mapumziko yamekwisha, kesho naingia asubuhi. Mbaki salama.